Kuhamisha Maua ya Mado

Nimehudumia bustani ya masista wa Kasongo kwa miaka kumi na minne, na karibu kila ua nililoliona likifa liliuawa na mtu mwenye huruma. Mche umehamishwa jana, jua la saa sita likapiga, majani yakalegea, basi kila mtu anakimbilia ndoo. Nimewapigia kelele manovisi, wasichana wanaojifunza usista, mpaka Mama Mkubwa wao akaniita kunionya juu ya ulimi wangu. Sikuacha. Mmea ulionyauka saa sita haujafa. Mizizi yake ilikatika ulipong'olewa, majani ni yale yale, na jua kali likija mizizi michache haiwezi kuyanywesha yote. Chomeka kidole ardhini. Ukikuta unyevu, peleka ndoo yako kwingine, urudi jioni. Utaukuta umesimama wenyewe. Wa kuogopwa ni ule unaolala asubuhi.

Nayasema haya kwanza ili mnielewe kwa yale niliyomfanyia wifi yangu Victorine.

Mimi ni Régina, dada mkubwa wa Placide. Mwaka ule Bula-Matari, serikali ya Wabelgiji, aliamua kwamba watu wa vijiji vya ndani wahamie kando ya barabara ya Kabambare, pamba yao ionekane na wao wenyewe waonekane. Kijiji chetu, kwa Lukumani, kilipewa mwezi mmoja. Placide na wenzake wakajenga nyumba mpya barabarani, zimepangwa mstari kama askari, na mwezi ulipokwisha polisi wakachoma zile za zamani ili asirudi mtu.

Yalibaki makaburi. Kwa watu wa ukoo wetu mifupa haihamishwi. Kinachohamishwa ni kile kilichoota juu ya kaburi. Mama wa marehemu anakichimba mwenyewe pamoja na udongo wake, anakifunga kwenye kitambaa, anakibeba mgongoni kama alivyombeba mtoto. Njiani haongei na mtu, ila kila akivuka kijito anamwita marehemu kwa jina, maana wafu husita wakifika majini. Akifika anakipanda kando ya mlango. Kikitoa jani jipya, marehemu amefika. Kikifa, amebaki kule nyuma peke yake, na haruhusiwi mtu yeyote kumwita tena. Padri alilijua jambo hili, naye aliamua kutolijua.

Victorine alikuwa na mmoja tu wa kuhamisha. Mado, mtoto wake wa pekee, alikufa kwa surua akiwa na miaka mitano, miaka miwili kabla ya kuhama. Juu ya kaburi lake kulikuwa na shina la margariti, yale maua meupe yenye jicho la njano ambayo hukatwa yote na kuota tena miaka nenda miaka rudi. Niliyaleta mimi kutoka kwa masista. Watu walinisifu sana kwa kuyaleta, nami niliwaacha wanisifu.

Habari ilinifikia kwa mdomo wa dereva wa lori la pamba. Placide alimwambia aniambie hivi: "Dada akuye mbio. Maua ya mutoto yanakufa, na mama yake atakufa nayo." Nikaomba ruhusa kwa masista, nikapanda juu ya marobota, nikashuka mbele ya nyumba ya kaka yangu jua likiwa utosini.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha mwanzoni mwa mwezi wa tisa, kisha zikakata, na sasa jua lilikuwa linaunguza. Kando ya mlango, kwenye udongo mwekundu usio na hata jani la kivuli, shina la margariti lilikuwa limelala chini lote, majani na maua. Victorine alichuchumaa mbele yake na kikombe cha bati mkononi. Alikuwa amekonda mpaka nikaogopa. Udongo ulikuwa tope. Tope! Ungeweza kupanda mpunga.

"Wifi, umekuya," akasema bila kuinua macho. "Angalia. Kila saa sita anaanguka hivi. Nikimupa mayi anaamuka magaribi."

"Ataamka magharibi hata usipompa," nikasema. "Umempa mara ngapi leo?"

"Kila akiomba."

Nikamuuliza ni nani anayeomba. Placide, aliyekuwa anafunga fito za kibaraza, akaacha kazi, akanitazama kwa namna ya kuniomba ninyamaze.

"Mado," akasema Victorine. Alisema kama mtu anayekutajia jirani. "Ku kijiji kule hakusema kitu miaka mbili. Lakini tangu nilimuleta hapa, kila saa sita anasema. Anaomba mayi. Anasema, kidogo tu, mu kijiko."

Nikainama, nikajifanya naukagua mmea.

Placide aliniambia baadaye kwamba alidhani ni njaa, kwamba mkewe hakula tangu wahame, na mtu asiyekula husikia mengi. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni njaa. Nilimdanganya kaka yangu bila kupepesa jicho. Maneno yale niliyajua. Niliyajua pamoja na sauti yake, jinsi herufi zilivyokwama kwenye midomo iliyopasuka. Mado aliyasema mara nyingi katika siku tatu za mwisho, na katika siku zile hapakuwa na mtu ndani ya nyumba ila yeye na mimi.

Sikulala vizuri, na asubuhi nikaanza kazi, maana kazi ya bustani naijua na mambo ya wafu siyajui. Nilisogeza udongo kwa vidole. Ulinuka kama chungu kilichosahaulika na maboga ndani. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, na shingo ya shina ilibonyea nilipoigusa. Udongo wa kaburini aliouleta Victorine ulikuwa umepukutika karibu wote njiani, kwa mwendo ule mrefu, na mizizi midogo iliyo kama nywele, ile hasa inayokunywa, ilikatika nao. Ile michache iliyobaki ilikuwa inaoza kwa maji. Huu mmea ulikuwa unakufa kweli, na aliyekuwa anauua ni mama yake.

Nilimweleza. Nilimweleza taratibu, jambo ambalo Mama Mkubwa asingeliamini. Nikamwambia nitaung'oa tena, nitakata mizizi iliyooza, nitauinua juu ya tuta la mchanga wa kijito uliochanganywa na udongo wa msituni, nitaufunika miguu kwa nyasi kavu, nitaujengea kivuli cha makuti. Nitapunguza nusu ya majani na kukata maua yote, ili mizizi isiwe na vinywa vingi vya kulisha.

"Maua yote?" akauliza.

"Yote."

Nilipokata ua la kwanza alitoa mlio ambao sitaki kuukumbuka. "Weye unamukata nyele! Mutoto wangu, anamukata nyele!" Placide akamshika mabega. Mimi niliendelea kukata. Ndivyo nilivyo, nikishaanza kukata siachi katikati, na kisu changu kilikuwa kikali. Maua kumi na saba yalilala kwenye mchanga. Victorine aliyaokota moja moja, akayaweka kwenye kanga yake.

Kisha nikampa sharti. Maji kikombe kimoja, asubuhi, chini kabisa kwenye mizizi, si juu ya majani. Baada ya hapo hata tone. Saa sita utalala tena, kwa sababu mizizi haijashika, nasi tutauacha ulale. Kama asubuhi udongo wa chini bado una unyevu, hata hicho kikombe kimoja tunakiruka.

"Na akiomba?"

"Hata akiomba, mama Mado."

Alikubali kwa kichwa. Siku ya kwanza aliweza. Placide alimpeleka shambani kwa nguvu, nami nikabaki peke yangu kibarazani, nikatazama jua likipanda.

Barabara ile saa sita haina mtu. Hakuna lori, kuku wamejificha, hata watoto wa jirani wamelala. Chini ya makuti majani yakaanza kulegea, moja, kisha jingine, na nilipokuwa najiambia kwamba sitasikia kitu, nikasikia. Haikutoka kwenye mmea. Ilitoka nyuma yangu, ndani ya nyumba, kutoka upande ule ambapo kitanda cha mgonjwa kingewekwa, ndani ya nyumba ambayo Mado hakuwahi kuingia akiwa hai.

"Shangazi. Kidogo tu. Mu kijiko."

Sikugeuka. Wenye ujasiri wa kugeuka na wageuke wao. Nilishika nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili mpaka kivuli chake kikaanza kurefuka na ile sauti ikachoka, kama ilivyochoka zamani. Jioni majani yalisimama. Victorine aliporudi alicheka kwa furaha, akanishika mkono. Nilitamani kuukata huo mkono wangu.

Siku ya pili alikataa kwenda shambani. Jua lilipofika utosini mmea ukalala, naye akainamisha sikio. Nilimwona akisikiliza. Nilijua anachosikiliza, maana na mimi nilikuwa nakisikiliza, ila mimi nilijifanya napanga nyasi. Akaingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa. Nikamdaka kifundo cha mkono.

"Niache," akasema.

"Mizizi imelowa bado. Ukiongeza maji leo, kesho hatutakuwa na kitu cha kunywesha. Atabaki kule, mama Mado. Unataka abaki kule, kwenye majivu?"

"Anaomba!"

"Najua anaomba."

"Haujui. Weye haukuzaa, hauwezi kujua. Mama gani atasikia mutoto anaomba mayi, na mayi iko mu mukono, asimupe? Mutu gani atafanya vile?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka miwili, nilikuwa nimezoea. Lakini nilimwona anavyovuta mkono, na maji yanavyochezea ukingo wa kikombe, na nikajua kwamba hataamini mizizi wala mchanga. Ataamini jambo moja tu, kwamba mimi najua ninachosema.

"Mimi," nikasema. "Mi nilimunyima."

Mkono ukaacha kuvuta.

Nikamwambia yote. Wakati ule nilikuwa nimekuja kuwatembelea, Placide yuko kwenye kazi za barabara, na kapita, msimamizi wa pamba, aliwapeleka wanawake wote kubeba mizigo mpaka sokoni, hata wenye wagonjwa, na Victorine alikwenda siku tatu akiniachia mtoto, kwa sababu mimi ndiye mtu wa masista, mimi ndiye ninayejua mambo. Surua ilikuwa imeanza kutoka. Na kila mtu alijua, bibi zetu wote walijua, kwamba mgonjwa wa surua hapewi maji, maji huirudisha ndani ikaue moyo. Basi sikumpa. Aliomba kwa kikombe, nikakataa. Akaomba kwa kijiko, nikakataa. Siku ya tatu saa sita aliomba kwa macho tu. Nilikuwa nimekaa karibu na mtungi. Nilikuwa nauona mtungi, na nilimpenda yule mtoto kuliko macho yangu, na sikumpa.

"Nilifikiri namuponesha," nikasema. "Mwaka uliofuata nilikuwa napunguza ua wa miti chini ya dirisha la wagonjwa, nikamsikia sista anamwambia mama mmoja mwenye mtoto wa surua: mpe maji, mpe mengi, usiku na mchana, anayekufa anakufa kwa kukauka. Nilisikia kwa masikio yangu. Wiki ile ile nikachimba zile margariti nikamletea."

Victorine hakulia. Alinitazama muda mrefu, na macho yake yalikwenda na kurudi usoni pangu kama ya mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Placide alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amesimama pale tangu lini.

Kisha Victorine akanigeuzia mkono ule niliokuwa nimeushika, akanipa kikombe.

"Basi mupe leo," akasema. "Mupe na mukono yako."

Nilikipokea. Mungu anisamehe, nilikipokea na nikapiga magoti mbele ya tuta. Ndani ya nyumba Mado alikuwa anaomba, wazi kabisa, karibu na sikio, na hakukuwa na haja ya kusema mu kijiko, ningempa kikombe kizima, ningempa kijito kizima. Hakuna kitu nilichowahi kukitaka duniani kama kuyamwaga maji yale. Na vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilikuwa ndani ya udongo, na udongo ulikuwa baridi na umelowa.

Nikaweka kikombe chini, nyuma yangu.

"Hapana," nikasema.

"Régina," akasema kaka yangu. Hakuwahi kuniita kwa jina tangu tulipokuwa wadogo.

"Hapana. Mpaka kesho asubuhi."

Nilikaa kati ya kikombe na mmea mpaka jua likageuka. Nililia, ndiyo, kwa sauti, wapita njia wawili walisimama kunitazama. Victorine alikaa upande wa pili. Mtoto aliomba mpaka akachoka. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumnyima, na safari hii nilijua ninachofanya, na kujua hakukunisaidia kitu.

Jioni majani yalisimama.

Siku zilizofuata Victorine alinitii kabisa. Alimwaga kikombe kimoja asubuhi, akachomeka kidole kama nilivyomfundisha, akaokota jani bovu, akasogeza kuti lililoangushwa na upepo. Chakula alinipikia. Alikiweka mbele yangu akaondoka. Kila adhuhuri tulikaa wote wawili pale nje, mmea ukilala kidogo kuliko jana, na sauti ikawa ndogo, na siku ya saba majani hayakulegea hata kidogo na mimi sikusikia chochote. Nilitazama uso wa Victorine. Yeye alikuwa bado anasikiliza, na midomo yake ilikuwa inatikisika, kama anamjibu mtu.

Siku ya tisa nilifunua nyasi, na pale kwenye shingo ya shina, karibu na kidonda cha kisu, lilikuwepo jani jipya, la kijani kibichi, dogo kuliko ukucha. La pili lilikuwa nyuma yake. Nilipiga yowe. Placide akatupa nyundo, akaja, akainama, akafunika uso kwa mikono. Victorine alipiga vigelegele mpaka nyumba zote za mstari ule zikatoka watu, na wanawake wakaja wakiimba, na mmoja wao akaleta kiti kidogo akakiweka mlangoni, kama ilivyo desturi yetu, kwa ajili ya aliyefika. Nilifurahi. Nasema kweli, kwa muda ule nilifurahi kama mtu yeyote. Nilifikiri, nimemleta. Nilimpoteza na nimemleta.

Watu walipotawanyika, jua lilikuwa karibu kufika utosini. Nikaanza kumpa Victorine maagizo ya mwisho, maana ndiyo lugha niliyonayo. Makuti yaondolewe moja moja, si yote kwa siku. Maua ya kwanza yakitoka ayakate, aache ya pili. Mwakani shina likishanenepa aligawe, nusu aipande upande mwingine wa mlango. Alisikiliza yote. Alikuwa amekaa chini, mgongo wake umeegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba.

"Haombi tena mayi," akasema.

"Mizizi imeshika," nikasema. "Anakunywa mwenyewe."

"Eheh. Sasa anazungumuza mambo yote. Amezungumuza tangu asubuhi." Akatabasamu, lakini si kwangu. "Nyumba anaipenda. Anasema barabara iko karibu sana, lori zinamushitua."

Nilitega sikio kuelekea mlangoni, nikasikia nzi, nikasikia mtu anatwanga mbali. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeomba sauti ile ininyamazie, na sasa nilikuwa naitafuta kama kipofu anayepapasa ukuta.

"Na mimi?" nikauliza. "Mama Mado, mimi ananiambia nini?"

Victorine hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni ambaye hujui jinsi ya kumwambia jambo.

"Anakuogopa, wifi," akasema. "Iko ndani, nyuma ya mulango. Hawezi kutoka kama weye uko."

Nikasema kwamba lori la Kasongo linapita keshokutwa.

Akageuza kichwa chake kuelekea ndani, akangoja, akaitikia kwa kichwa kitu alichoambiwa.

"Anauliza kama ni leo."

Nikaingia kuchukua mzigo wangu, nikapita nimeinamisha macho ili nisimtishe, nikashika barabara ya Kasongo kwa miguu.